Ukurasa wa Pili

Mbekenyera,
Ruangwa.
14 Septemba 1999

Kwako mdogo wangu Zaina,

Assalaam alaikum. Pokea salamu zangu mimi dada yako Swaumu, za mwanangu Fauzia, na za wote wanaokuulizia hapa kijijini. Sisi hatujambo, mikorosho imetoa maua mazuri mwaka huu. Hofu ni kwenu huko Makete. Shemeji hajambo? Na mtoto, anaendelea kunenepa? Niambie ukweli kuhusu mtoto, usinifiche.

Barua yako nimeipata Ijumaa, ameileta mwalimu aliyetoka Ruangwa mjini. Umeniuliza jambo moja tu, tena umelipigia mstari. Nitakujibu, ila usinikimbize.

Kikohozi alichorudi nacho mama kimekwisha. Lakini tangu aliporudi mwezi wa saba hakutaji jina. Anasema ulimwita ukamwacha agande kwa baridi, halafu mumeo akamwita mkaidi mbele za watu. Anaapa kwamba hukumwandikia hata neno moja la kumwonya. Wewe nawe unaapa uliandika ukurasa mzima, na kwamba mama hatamshika tena mwanao. Mimi niliyeisoma barua hiyo, kila nilipoulizwa nilisema nimesoma kilichoandikwa.

Zaina, mimi ndiye ninayelima naye. Mimi ndiye ninayemchotea maji, na kwa kuwa hakwenda shule, mimi ndiye macho yake. Na barua zenyewe ni zako! Nikimaliza kusoma anaikunja, anaifunga kwenye pindo la khanga, kutwa nzima ni Zaina hivi, Zaina vile. Mimi niliye mbele yake na jembe mkononi hanioni. Nilipojifungua Fauzia alikaa kwangu siku mbili tu, akakimbilia nyumbani kwa sababu wewe umeshikwa na surua. Najua surua si kosa lako. Lakini iliniuma, na mpaka leo inaniuma.

Basi ikaja ile barua yako ya mwezi wa tano, ukimwita aje akuangalie ukijifungua. Ukurasa wa kwanza nilimsomea wote. Ukurasa wa pili ndio ulionichoma roho. Uliandika kama daktari: kabla hajasafiri apimwe kifua hospitali ya Nachingwea, achukue sweta mbili, soksi nzito, viatu vya kufunika na blanketi, kwa kuwa huko asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kwa barafu. Akifika asikae na nguo mbichi, anywe uji wa moto, asitoke nje mpaka jua lichomoze. Mwisho ukaandika kwamba moto wa uzazi asiuingize chumbani hata kidogo. Ulisema nyumba zetu za nyasi zinapumua, lakini yenu ina dari na vioo, na mkaa ukiwaka ndani watu wanalala wasiamke.

Nikasema moyoni, ah! Kumbe anakwenda kudekezwa! Mama akipata haya yote atarudi kwangu kufanya nini? Nikaukunja ule ukurasa. Mama akaniuliza kama hujasema lolote juu ya baridi. Nikamwambia umesema ni kama ya hapa tu, khanga mbili zinatosha.

Ndilo jibu la swali lako, mdogo wangu. Sikusoma yote, na mahali pake nikatia uongo.

Wallahi sikutaka mtu afe. Nilitaka atetemeke wiki moja, akukasirikie, arudi. Moto wa uzazi sikuufikiria kabisa. Mama alifanya wanachofanyiwa wanawake wote wa hapa, mzazi na mtoto kuwekewa moto ndani mpaka arobaini. Na kwa kuwa hakuwa na sweta, akaziba na dirisha kwa khanga. Shemeji asingevunja mlango alfajiri ile akawatoa nje nyote watatu, leo ningemwandikia nani? Habari hiyo niliipata. Na bado nikanyamaza miezi miwili, kwa sababu mama alikuwa wangu peke yangu. Alikuwa ananisifu, Zaina. Nilikuwa sijawahi kusifiwa.

Jana baada ya sala ya alasiri nilimkuta mama anachambua choroko. Nikautoa ule ukurasa nilikoufutika, nikamsomea kuanzia juu. Nilipomaliza akaninyang'anya karatasi, akamwita Fauzia, akamwambia asome yeye, ili ajue kama sijaruka tena. Fauzia alisoma kwa kubabaisha, anarudia kila neno. Alipofika kwenye moto wa uzazi mama alilia kwa sauti mpaka majirani wakaja kuuliza nani amefariki.

Hakunitukana. Amenituma nikuandikie kwamba anaomba umsamehe kwa kusema hukumwandikia, na shemeji pia. Mwaka kesho ukimruhusu atakuja, na safari hii sweta anataka aione kwa macho yake ikiingia kwenye mfuko. Mimi siombi unisamehe leo. Utakapoweza.

Ukurasa wako ameufunga kwenye pindo la khanga, na asubuhi ya leo nilimsikia akimsifia Fauzia jinsi anavyosoma. Moyo ukanichoma, Zaina. Wivu huu mbaya: namwonea hata mwanangu wa kumzaa.

Msalimie shemeji, nimbusie mtoto. Nasi tunamwomba Mungu awakinge na baridi ya huko.

Ni mimi dada yako,
Swaumu

Nusura nisahau. Ukijibu, andika kwa herufi kubwa kubwa na uziachanishe. Mama amesema kuanzia sasa barua zako atasomewa na Fauzia, na Fauzia yuko darasa la tatu.