Tabasamu la Penseli

Mpendwa Mama,

Kuna mkwaruzo mdogo wa penseli ambao haujanitoka masikioni wiki nzima. Nausikia ofisini nikipiga taipu, nausikia hata kanisani. Mwaka wa pili huu tangu tukuzike, na bado wewe ndiwe wa kwanza ninayetaka kumwambia.

Unaikumbuka picha yako ya harusi, pale ukutani kwetu Kangemi? Nikiwa mdogo nilikuwa nikipanda kiti na kuitazama mpaka pumzi yangu ikatia ukungu kwenye kioo. Nilimtafuta yule msichana alikokwenda. Wewe niliyekujua ulipiga pasi nguo za watu Spring Valley, ukarudi kimya, na kila ulipomwambia Baba kwamba umechoka na maisha haya, yeye alinyoosha kidole ukutani.

"Tazama ulivyocheka siku ile. Nani alikulazimisha?"

Nawe ukainamia sufuria yako. Siku moja nilikuuliza kama kweli ulifurahi. Ukajibu, "Sikumbuki, mwanangu. Lakini si picha hiyo hapo?" Basi nikaamini kwamba tabasamu lile lilikuwa ahadi, na kwamba wewe ndiwe uliyeivunja.

Sasa watu fulani wa Kakamega wameniposa, nao wameomba picha yangu. Kijana wao ana duka. Nimemwona mara mbili, na Baba amekwisha kukubali. Shangazi Rasoa akanipeleka River Road, studio ile ile mliyopigiwa picha ya harusi, kwa Mzee Athumani.

"Cheka basi, binti," Mzee akasema nyuma ya kamera. "Hukuja kupigwa picha ya kipande cha serikali."

Sikuweza. Picha ilipooshwa, Shangazi akaguna. "Uso kama wa mtu anayengoja kung'olewa jino! Watasema tunawapelekea mgonjwa. Mzee, huwezi kumtengeneza?"

Akaweza. Aliiweka negativu yangu, ile filamu ya picha, juu ya kioo chenye taa, akachonga penseli, akaanza kukwaruza taratibu kwenye pembe za mdomo wangu.

"Usijali," akaniambia kwa upole. "Mama yako naye alininunia hivi hivi. Baba yako akaniomba nimchekeshe. Nilikaa na negativu yake asubuhi nzima, penseli mkononi."

Mama, miaka ishirini na mitatu ulidaiwa furaha aliyoichora fundi. Na Baba alijua. Pale kwenye kile kiti cha studio niliuona ukuta wa nyumba nisiyoijua, nikaiona picha yangu juu yake, na kidole cha mtu mwingine.

Jumamosi nilirudi peke yangu. Mzee alibisha kidogo, kisha akachukua pamba, akaifuta penseli kwenye negativu yangu. Nikamwomba aitafute na yako. Bado alikuwa nayo, ndani ya bahasha iliyogeuka rangi ya chai. Akaifuta nayo, akaziosha picha zote mbili upya.

Yangu nimeiposti Kakamega, uso wangu jinsi ulivyo, pamoja na barua niliyoitia sahihi mwenyewe: sitaolewa na kijana wenu. Yako nimeitundika kwenye msumari ule ule. Baba aliiona jana alipoingia kunywa chai. Alisimama mbele yake muda mrefu, mikono yote miwili mgongoni.

Pumzika, Mama. Nuna upendavyo.

Ni mimi, kifungua mimba wako.