Vibandiko Juu ya Nyumba Yetu

Jumatano, saa kumi jioni

Kaka mpendwa,

Mama anakula vizuri, na mguu umepungua kuvimba. Paa la jikoni nimeliziba.

Jumamosi tuliitwa shuleni kutoa maoni juu ya mpango wa mtaa wa miaka ishirini ijayo. Afisa alitundika ramani, akatugawia vibandiko vyekundu, kila mtu abandike pale anapotaka stendi ya mabasi ijengwe. Mimi nilibandika kwenye uwanja wa mpira. Kinyozi, jirani yetu, akabandika juu ya nyumba yetu. Mke wa fundi cherehani akafuata, kisha wengine, mpaka nyumba ikafunikwa isionekane.

"Dada, usinune," kinyozi alinitania. "Kwenu ndiko katikati. Fidia ikitoka, usitusahau kwa soda!"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, Kaka, sijui kwa nini.

Afisa anasema hayo ni maoni tu, baraza litaamua mwezi ujao. Mama sijamwambia.

Jana kinyozi alikuja kumjulia Mama hali. Alimwamkia kwa adabu, akamwekea mto vizuri. Alipotoka akaupapasa mlango wa chumba cha Mama, akaninong'oneza, "Huu ni mbao ya mninga mtupu. Wakija kubomoa, usimpe mtu mwingine."

Njoo useme na majirani, wewe watakusikiliza. Simwogopi afisa kama ninavyowaogopa hawa wanaotupigia hodi kila asubuhi. Tangu jana nafunga komeo mchana kutwa, na Mama ananiuliza tunamfungia nani.

Ni mimi, mdogo wako