Jumapili Niliyowaita Watu wa Vitabu

Kaka yangu Andrea,

Leo ni Jumapili na nimefagia uwanja mbele ya tembe letu kama mwendawazimu, maana hakuna anayekuja. Mkono umezoea tu. Zamani saa kama hizi watu walikuwa wameshajaa: akina mama na watoto mgongoni, vijana waliowaachia wadogo zao ng'ombe malishoni, wazee wakijifanya wamepita njia tu. Na wewe katikati, umekalia sanduku la vitabu, unajidai kama bwana harusi.

Unakumbuka lilivyofika lile sanduku? Vita vilipoanza Wadachi, hao Wajerumani wa bomani, walimchukua padri wa misheni kwa sababu ni Mwingereza, naye akakuachia wewe, mwalimu wake, vitabu vyote vya shule. Ukaja navyo kichwani, shingo imekakamaa. Nilikucheka, we! "Wenzako wanaleta mbuzi nyumbani, wewe unaleta karatasi." Ukanijibu hata pumzi hujavuta: "Mwendwa, hivi ni vya watu wote, na ni bure."

Hilo neno bure lilikutesa. Jirani yetu Mzee Mlewa alikuja na kuku ili apewe kitabu cha kumsomesha mwanawe Nyemo. Ulipomkatalia kuku wake akanuna, akasema kitu kisicho na malipo kina uchawi ndani. Ndipo ukamwambia basi akichukue kama ng'ombe. Sisi Wagogo hatuweki ng'ombe wote nyumbani. Tunawagawa kwa marafiki huku na huko wawatunze, ili maradhi au wezi wakija wasiwamalize. Anayetunza anakunywa maziwa, ndama ni wa mwenye ng'ombe. "Kitunze, mzee, maziwa yake mnywe nyumbani kwako," ulimwambia. "Ndama wake ni mtu mmoja anayejua kusoma. Huyo utaniletea Jumapili." Mzee alicheka mpaka akakaa chini, na kuku tukamla pamoja.

Hivyo vitabu vikaenea tembe hadi tembe, na kila Jumapili nyumba mbili tatu zilileta ndama wao. Kijana alisimama akasoma ukurasa mbele ya watu. Akimaliza bila kukwama Mzee Mlewa alimpigia zeze, akikwama wenzake walimrushia maganda ya karanga alizokaanga mama. Mama mwenyewe, asiyejua hata herufi moja, ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. "Rudia hapo, umemeza neno!" Na kweli lilikuwa limemezwa. Sijui alijuaje. Nilifurahi siku zile, kaka, nilifurahi mpaka nikajiona mtu.

Na huko kujiona ndiko kulikotumaliza.

Ulikuwa umekwenda Buigiri jumbe aliponijia. Alinikuta natwanga uwele, akaketi kwa adabu, akaniita binti mwalimu. Mimi, binti mwalimu! Akasema bwana mkubwa wa bomani amesikia habari zetu na atatuongezea sanduku la pili, ila anataka kuwaona wasomaji wote kwa mpigo, na vitabu vyote, Jumapili moja. Sikumwuliza hata swali. Niliacha mtwangio palepale, nikazunguka tembe kwa tembe siku tatu, nikiita. "Njooni nyote, msibakize mtu." Mama mmoja alisema mwanawe anaumwa tumbo. Nikamwambia amlete hivyohivyo.

Ulirudi Jumamosi. Ulinisikiliza mpaka mwisho, kisha ukauliza, "Tangu lini sisi tukaweka mifugo yote zizi moja?" Nami nikakujibu jibu ambalo nikilikumbuka sasa natamani kujing'ata ulimi: "Una wivu. Sanduku hili la pili nimelipata mimi, si wewe." Ungeweza kuondoka asubuhi, porini kulikuwa karibu. Ulioga, ukavaa kanzu yako nyeupe, ukaja kuketi mahali pako kwa sababu dada yako alikuwa ameita watu.

Askari wa bomani walitoka kwenye mashamba pande zote. Vita vilikuwa vinataka wapagazi, na mimi nilikuwa nimewakusanyia vijana wote wa upande wetu, wameoga, wamepangwa safu, kila mmoja na kitabu mkononi. Waliwafunga kamba shingoni. Nyemo alikuwa bado anasoma; nadhani alidhani akimaliza ukurasa watamwacha. Vitabu vilibaki chini, askari mmoja akachana karatasi ya kusokotea tumbaku. Wewe ulipita mbele yangu, nawe umefungwa kamba. Laiti ungenitukana.

Tangu siku hiyo akina mama wakinikuta kisimani wanatua mitungi yao pembeni, wanangoja nimalize. Hawanigombezi. Mzee Mlewa tu ndiye aliyesema. Alinirudishia kitabu chake na kuniambia, "Mchukue ng'ombe wenu. Ndama ameshachukuliwa." Nilikipokea, Andrea. Ninacho mpaka leo.

Juzi ikaja barua. Ilitoka kwa Nyemo, huko kusini, amefanywa karani wa wapagazi kwa kuwa anajua kuandika. Na nani wa kuisoma, kama si mimi? Wakaja wote, uwanja ukajaa kama zamani, wakaketi mbali na mimi. Nikasimama nikasoma. Nyemo alikuwa ameandika majina ya walioanguka njiani, kwa homa, kwa kuhara, kwa njaa, kwa mizigo. Kila jina nililolisoma, mama mmoja aliinuka akaenda zake bila sauti. Nilisoma vizuri, sikukwama.

Jina la tisa lilikuwa lako.

Mama alikuwa ameketi palepale anapoketi siku zote, ananitazama mdomo. Nikalivuka, nikasoma la kumi. Akaniuliza mbele ya wote, "Na Andrea?" Nikasema, "Hayumo, mama." Aliyekuwa akisikia kila neno linalomezwa, hili hakulisikia. Akapiga kigelegele katikati ya wafiwa, akanitia aibu na uchungu ambao sijui nitauweka wapi.

Nakuomba radhi, kaka, na najua hakuna wa kunipa. Wale vijana nimewaua mimi, na wewe pamoja nao, kwa kutaka kuitwa binti mwalimu. Lala popote walipokulaza. Sitakuita tena.

Ningeishia hapa, lakini mama yuko ubavuni pangu. Ndiye aliyenituma nilete kalamu na karatasi, na ameketi tangu asubuhi akiangalia mkono wangu unavyokwenda, anafurahi kwamba barua ni ndefu. Anasema nisisahau kukuuliza, na anataka nimwonyeshe kwa kidole mahali nilipoandika. Basi naandika, aone: kaka, unarudi lini?

Mimi mdogo wako,
Mwendwa