Gunzi Kwenye Bomba la Boila

Jumatatu, 1 Julai 1996

Shawa imenitesa tena. Sabuni kichwani, maji moto yanadondoka kama mate. Ya baridi yanakuja kwa nguvu, kwa hivyo tangi la juu limejaa. Shida ni boila. Miaka kumi na tisa karani wa reli, nina nyumba ya kuta za mawe, na naoga kwa kikombe.

Mama mkwe yuko Nairobi tangu Ijumaa kwa ajili ya miguu. Daktari amesema aikande kwa maji moto kila siku. Kwa mila zetu hawezi kulala kwangu, wala tusikutane uso kwa uso, hivyo analala kwa jirani, Mama Nekesa. Nikifika getini nakohoa, ili kama amekuja kumwona bintiye, apate nafasi ya kuondoka. Kule kwa jirani maji yanachemshwa kwa jiko la makaa. Mimi mwenye boila! Aibu tupu.

Jumanne, 2 Julai

Nimefungua kichwa cha shawa. Mchanga na kutu. Nimezibua matundu kwa sindano ya mke wangu Esta, na amenuna kwa sababu ya sindano yake.

Afadhali kidogo tu. Tena sasa maji yanachoma. Na kile kibomba kidogo cha boila kinachotokea nje ya ukuta kinadondosha. Ndoo nzima tangu asubuhi. Mtaa huu unapata maji mara tatu kwa wiki, halafu yangu yanamwagika nje. Nimekasirika sana.

Jumatano, 3 Julai

Fundi Musyoka amekuja, amepanda ngazi, ameshuka akitikisa kichwa. "Mzee, thermostat imekufa. Boila haijui kuacha kuchemsha. Nitakuletea ingine Jumatatu, mpaka hapo usiwashe sana." Nikamuuliza kuhusu kibomba. "Hiyo iwache tu. Hapo ndio boila inapumua."

Boila inapumua! Atanieleza lini inakula.

Alhamisi, 4 Julai

Nimekiziba kibomba. Gunzi la mahindi ya jana, limechongwa kwa kisu, likazungushiwa mpira wa tairi la baiskeli, likafungwa kwa waya. Halitoki hata tone.

Na shawa imepata nguvu! Maji yanapiga mgongo. Esta amecheka bafuni hadi nikamsikia uani. Sijamwambia siri yangu. Acha anione fundi.

Ijumaa, 5 Julai

Boila inanguruma. Nimeongeza sauti ya redio.

Habari njema: Esta amemshawishi mama yake. Kesho nikiwa kazini ataoga kwetu na kukanda miguu vizuri. Alikataa siku tatu. Nimefurahi, ingawa mila hii imenichosha. Nimejenga jina langu, nina bafu, na mama wa mke wangu anakanda miguu kwenye karai la jirani.

Jumamosi, 6 Julai

Niandike tu.

Ofisi ilifungwa mapema. Saa tano na nusu nilikuwa getini. Nikakohoa, kwa mazoea. Nikasikia mlango wa jikoni, nikaona pindo la leso likipotea kwenye ua wa Mama Nekesa. Nilikasirika. Boila imewashwa tangu alfajiri kwa ajili yake, na anakimbia kikohozi!

Sikufika sebuleni.

Mlio. Sijawahi kusikia mlio kama ule. Mlango wa bafu uling'oka ukagonga ukuta wa mbele yangu. Dari chini. Mvuke. Maji yanachemka sakafuni.

Kigoda cha plastiki alichowekewa akalie kimeyeyuka upande mmoja. Patipati zake ziko pale pale. Alikuwa ameshazivua.

Esta alikuwa anarudi kutoka dukani. Aliingia mbio, akaziona patipati, akapiga yowe, "Mama! Mama wangu!" Nilitaka kumwambia yuko salama. Nilinyoosha kidole tu kuelekea kwa jirani.

Dakika moja. Chini ya dakika moja.

Jumapili, 7 Julai

Sijala. Majirani wametoka kanisani wamejaa uani, kila mmoja anamtukana Musyoka. Esta zaidi ya wote: "Huyo fundi nikimpata!" Gunzi sijalitaja. Najichukia.

Musyoka akaja mwenyewe, bila kuitwa. Akapekua vifusi, akaokota kile kibomba, akakielekeza kwenye mwanga. Gunzi bado limekaza. Akanitazama. Akanipa mkononi, amekifunika kwa kitambaa chake asione mtu. Kisha akasimama mbele ya Esta akatukanwa mpaka Esta akachoka. Chai alikataa.

Jumatatu, 8 Julai

Mama mkwe amerudi nyumbani asubuhi hii. Amekataa kungoja miguu ipone.

Nilikuwa nyuma ya pazia. Alisimama getini, mgongo kwangu, leso kichwani, akamwambia Esta kwa sauti ya kunifikia: "Mwambie mwenye nyumba, asante kwa kukohoa."

Wakaondoka taratibu. Miguu inamuuma kweli.

Esta anamsindikiza hadi stesheni ya basi, atarudi saa nane. Nimemchemshia maji ya kuoga kwenye jiko la makaa. Nimepika chai. Kibomba nilikuwa nimekificha kwenye droo, chini ya soksi. Nimekitoa. Kiko mezani, kando ya kikombe chake, na gunzi ndani.