Siku Tulipoutembea Mpaka wa Bwera

Dada Zaituni,

Mpaka umebadilishwa. Naanza na hilo kwa sababu ungekuwa hai usingeniacha nimalize hata salamu. Karatasi mpya imebandikwa tangu jana kwenye ukuta wa gombolola, ofisi ya tarafa yetu, nami nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, kwa ajili yako. Mtaa mzima wa soko umerudi katika kata yetu. Duka lako la vitenge limo. Nyumba yangu imo. Tuko pamoja.

Unaikumbuka ile karatasi ya kwanza. Sensa ilikuwa imekwisha, na sisi tulidhani kilichobaki ni kugawa kata upya ili kila diwani awe na watu wanaokaribiana kwa idadi. Wewe ndiye uliyesimama pale ukutani mpaka miguu ikavimba, ukiufuata ule mstari. Diwani wetu alikuwa amechorewa kata ndogo: ndugu zake, jamaa zake, na sisi wachache wa kando ya mto. Ninyi wa soko, mliomnyima kura, mlisukumwa kwenye kata ya pili iliyokwisha kujaa watu, ambako kura ya mtu ingekuwa na uzito nusu ya yetu. Ulikuja kwangu ukihema. "Masika, balituhesabu batu bazima, sasa banatufanya nusu mutu!" Kiswahili chako cha ng'ambo ya Mpondwe, upande wa Kongo, ambacho siku zote nilikuwa nakicheka.

Siku ile sikucheka. Diwani alikuwa ameniahidi bomba la maji mlangoni nisipoupinga mstari wake, na mimi, Dada, nilikuwa nimechoka kubeba madumu. Nikakwambia, "Mimi mkulima tu, mambo ya mipaka siyajui." Ukaniangalia. Ukaenda zako. Siku nne hatukusalimiana, wewe uliyempokea mwanangu wa kwanza kwa mikono yako. Siku ya tano presha ikakuangusha. Habari zilichelewa kunifikia shambani nilikokuwa napalilia maharage, na nilipofika walikuwa wameshakuzika. Sikupata kukuomba msamaha. Nakuomba sasa.

Kwa hiyo kamati ya mipaka ilipokuja kuwasikiliza wananchi, nilivaa kile kitenge cha bluu ulichonikatia, nikasimama. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, yote yakapotea. Nikasema tu, "Twendeni tukautembee."

Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mwenye viatu vyeupe, akauliza, "Tukatembee nini?"

"Huo mpaka, mama. Hatua kwa hatua, kama ulivyo kwenye ramani yenu."

Tukaenda, soko zima nyuma yetu. Ungewaona! Mpaka ulianza vizuri barabarani, kisha ukaiacha barabara bila sababu, ukakata uwanja ambao Baluku anaanikia kahawa, ukazunguka nyuma ya msikiti, ukapita kati ya nyumba ya Mama Kabugho na choo chake. "Kwa hiyo mimi nalala kata hii, najisaidia kata ile?" akauliza Mama Kabugho, na hata askari waliotusindikiza walicheka. Kijana aliyeshika ramani alikuwa anaigeuzageuza. Halafu mpaka ukashuka mtoni, ukajikunja, ukazizunguka nyumba nne.

"Hizi ni za nani?" yule mama akauliza.

Diwani mwenyewe, aliyekuwa ametufuata, akageuka kuangalia mto. Nikasema, "Tatu ni za kaka zake diwani, mama. Na hiyo ya nne ni yangu. Mimi niliahidiwa bomba."

Ah, Dada! Niliona watu wa soko wakinitazama, wateja wako, majirani zako, nikatamani ardhi inimeze. Kisha Baluku akaanza kupiga makofi. Wakapiga wote. Mama wa kamati akavua viatu vilivyojaa tope, akasimama peku pale ukingoni, akaandika, akaandika.

Sasa mpaka unafuata mto na barabara kuu, basi, hata mtoto anaweza kukuonyesha. Kata zinakaribiana kwa watu. Diwani akitaka kura, itabidi aje kuziomba dukani kwako, ambako binti yako Aisha ndiye anayekaa kwenye kiti chako. Leo asubuhi diwani amekwisha kuja mara moja. Aisha alimkaribisha kwa heshima zote, akamwuliza maswali mpaka chai ikapoa mkononi mwake. Nilikuwepo. Nilitoka nje ili nicheke vizuri.

Bomba sina. Madumu bado ni yangu, lakini jana nilipanda nayo kilima nikiimba, wanangu wakadhani nimelewa.

Lala salama, Dada Zaituni. Mungu akupe mahali papana. Wanawake wa Kisinga wamenitumia ujumbe: kwao pia kuna karatasi ukutani, na mpaka wake hawauelewi. Alhamisi napanda boda boda kwenda kwao. Nakuahidi, nitataja jina lako kabla ya langu, kisha tutaanza kutembea.

Mdogo wako,
Masika