Mama Mkwe Kanifulia Kichujio cha Samaki

Mpendwa Bi Parvin, nisaidie kabla siku kumi na tatu za Nairuzi, mwaka wetu mpya, hazijaisha, maana hapa nyumbani hakuna anayenielewa. Mimi na mume wangu Kambiz tunakaa ghorofa ya chini hapa Tabriz, dirisha la sebule linatazama ukuta wa jirani, jua hatulijui, maua ya chungu yamenifia mara tatu, ndipo nikasema basi nitapanda mimea ya majini isiyotaka mwanga mwingi, nikanunua tangi la kioo, nikafunga majani kwenye gogo kwa uzi, moja moja, nikasubiri wiki sita nzima maji yakomae bila samaki hata mmoja huku Kambiz akiniuliza kama siku hizi nafuga maji, na mwishowe nikatia samaki kumi na wawili wadogo wenye mstari wa buluu, na nakwambia kweli, tangu niachishwe kazi, hilo tangi ndilo lililonifanya niamke asubuhi kwa hamu.

Sasa wiki moja kabla ya Nairuzi akaja mama mkwe, Mama Turan, kunisaidia usafi wa mwaka, na unajua usafi huo ulivyo, mazulia, mapazia, mpaka taa za dari zinashushwa, na mama huyu ananipenda, sitamsingizia, nilipougua ni yeye aliyeninywesha supu kwa kijiko. Nikatoka kwenda sokoni, niliporudi nikakuta sponji la kichujio limeanikwa kambani karibu na soksi za Kambiz, jeupe kama lilivyotoka dukani, limefuliwa kwa maji ya moto na dawa ya madoa, na changarawe zimesuguliwa zinang'aa. Akaniambia, "Mwanangu, uchafu gani huo ulikuwa unaishi nao? Nimekutolea wote." Nikamshukuru, ningefanya nini.

Siku ya tatu maji yakawa kama maziwa, samaki wakawa wanahema juu, wakafa tisa. Halafu Nairuzi yenyewe, baada ya kula, akachukua samaki wawili wekundu tunaowaweka kwenye bakuli juu ya meza ya mwaka mpya akawatia tangini eti wawaliwaze waliobaki, na kufikia kesho yake majani yote laini yalikuwa yameliwa. Alipokuja tena na wifi zangu nikashindwa kujizuia, nikamwambia mbele yao, "Mama, umeniulia samaki wangu." Akavaa koti akaondoka. Sasa anasema hatakanyaga kwangu, na Kambiz anasema nisipoomba radhi, siku ya kumi na tatu ukoo unapotoka kwenda kula nje mimi nitabaki na tangi langu. Niombe radhi kwa lipi? Ni kweli asubuhi ile aliniuliza kama aoshe na tangi, tena mara tatu, nikamjibu kama tunavyojibu sote, nyumba ni yako mama, fanya upendavyo, lakini hiyo ni heshima tu, si ruhusa.
Niliyechoka, Tabriz

Wewe Uliyechoka, umenichosha na mimi.

Jambo lenyewe umelificha mkiani mwa barua, chini ya soksi na taa za dari. Aliuliza mara tatu! Ya kwanza ni adabu, ya pili ni adabu, ya tatu mtu anataka jibu, na hilo umelijua tangu unanyonya. Ulikuwa na nafasi tatu za kusema "hapana mama, humo usiguse," ukaona bora samaki wafe kuliko uonekane huna heshima. Kisha ukaja kuikosa heshima hiyo hiyo mbele ya mawifi.

Pole kwa samaki, nasema kwa moyo. Nafuga tangu hujaolewa na najua wiki sita za kutazama maji matupu. Ule uchafu wa kwenye sponji ndio uliokuwa ukiwalinda, maana humo ndimo wanamoishi vijidudu wanaosafisha maji, lakini nani alimwambia Mama Turan? Yeye alipewa nyumba na tambara.

Leo hii watoe hao wekundu uwatie kwenye beseni kubwa, na usije ukawamwaga mtoni siku ya kumi na tatu kama wafanyavyo wengine. Tafuta mtu mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima, uombe kipande cha sponji lake chafu, ukiweke kwenye kichujio chako. Badilisha robo ya maji kila siku, maji yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini. Taa ya tangi isiwake zaidi ya saa saba kwa siku. Gogo usiliguse, mashina yakiwa mazima majani yatarudi.

Kesho nenda kwa Mama Turan, kabla ya Kambiz kukusukuma. Mwambie umekosa kwa kumwaibisha mbele ya binti zake, na umekosa kwa kumpa ruhusa ya uongo. Mwombe aje kila mwezi akusuuzie sponji kwenye ndoo ya maji ya tangi lenyewe, bila dawa. Mikono ile haiwezi kukaa bure, ni heri uielekeze.

Atakukaribisha chai, utakataa, atarudia, utakubali. Hapo katikati atakuuliza kama bado una kinyongo. Usithubutu kusema, "Hapana mama, hata kidogo." Sema, "Ndiyo mama, kidogo." Kisha kaa, mnywe chai.