Sauti Yako Ilivyonyamaza Baada ya Adhana

Da Zuhura,

Shikamoo. Najua marahaba yako sitaisikia, lakini kukuandikia bila kukuamkia nimeshindwa.

Nataka nikupe habari ya kompyuta yako, maana nusura nikupoteze mara ya pili. Juzi tulikusanyika nyumbani kwako hapa Dunda, akina mama wote wa kasida, tujifunze ile mpya uliyoitungia mahadhi kabla hujaugua. Maulidi ni Ijumaa hii, na mahadhi yale hakuna aliyeyashika, hata mimi niliyekuitikia siku moja tu ulipokuwa unarekodi. Yamo humo kwenye kompyuta tu, kwa sauti yako.

Tulikuwa ubeti wa pili ikaadhiniwa alasiri. Nikabonyeza kile kitufe cha kuzima sauti, kama ulivyotuzoesha: "Mwadhini akiita, sisi kimya na mashine kimya." Tukaswali. Kurudi, nikabonyeza tena. Kwenye kioo alama ya sauti imejaa, kasida inatembea, lakini spika haitoi hata mkwaruzo. Nikazima kompyuta, nikawasha. Wapi!

Bi Mwanahawa, unaujua ulimi wake, akasema, "Umefuta, Tatu. Sema tu, tukusamehe."

"Wallahi sijafuta."

"Basi ipeleke ikapigwe Windows. Hiyo Linux yenu mnaijua wenyewe."

Da, nilishaifunga kwenye khanga niipeleke. Ndipo nikakumbuka ulivyolia siku ile virusi vya flashi za watu vilipokula kasida zako za zamani, mpaka yule fundi wa Zinga akaiondoa Windows, akakuwekea Linux isiyoshikwa na virusi vile. Nikaona nimpigie yeye kwanza.

"Usithubutu!" akaniambia. "Wakipiga Windows bila kuhamisha vitu, sauti ya marehemu imekwenda. Mara ya mwisho ulibonyeza nini?"

Nikamweleza habari ya adhana. Akacheka. Kumbe kitufe kile hufunga sauti kuu na spika pamoja, na baadhi ya kompyuta ukibonyeza tena hufungua sauti kuu tu, zikaisahau spika. Akanielekeza niiache kasida itembee, nifungue kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri, akanitajia herufi moja moja: alsamixer. Mimi huyu wa darasa la saba! Zikatokea nguzo za rangi, na chini ya nguzo ya spika pana M mbili.

"Hiyo ndiyo kufuli. Sogea hapo kwa mishale, ubonyeze M."

Nikasema bismillahi, nikabonyeza. Ukatoka wewe. Wala hukutoka na kasida, ulikuwa umekatiza kunigombeza: "We Tatu! Mbona unavuta sauti kama unavuta ndoo kisimani? Rudia!"

Akina mama walicheka mpaka wakashikana mabega. Bi Mwanahawa akasema, "Kumbe tunaharibikiwa na Tatu tangu zamani," kisha akafuta macho kwa upindo wa mtandio. Alhamdulillahi, da. Nikakaa chini palepale sakafuni.

Nimeshakunakili kwenye flashi mbili, moja kwangu, moja kwa Bi Mwanahawa, maana ndiye aliyetaka nikupeleke ukapigwe Windows. Kasida tumeishika yote.

Mola akunawirishie kaburi lako. Tangu tukuzike hakuna aliyenigombeza hivyo, na nilikuwa sijui kama ndicho ninachokililia. Nikarudia, da, kama ulivyosema. Safari hii sikuvuta.

Mdogo wako,
Tatu